Laptop ya mdogo wangu na vumbi la karasha

Heshima kwenu wakuu. Kila siku humu naona watu wakiulizana laptop gani ya bei nafuu wanunue. Nami nina la kuchangia. Ni kweli tupu, ila si la kufurahisha.

Mdogo wangu Shija alikuwa na kibanda Katoro, anaingiza nyimbo na muvi kwenye flash na memori kadi. Wateja wake ni wachimbaji, kwa hiyo alikiweka jirani kabisa na karasha, ile mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu.

Laptop nilimchagulia mimi. Used, i5, RAM 8GB, SSD. (Wale wa "nunua mpya dukani" subirini kwanza.) Alifurahi huyo, hadi mama akamtania kwamba sasa kuoa basi, mke ni laptop.

Haikupita muda ikaanza kuchemka na kujizima. Tukaipeleka kwa fundi Geita mjini.

Alipofungua kifuniko cha chini, feni haionekani. Imejaa unga mweupe kama wa muhogo.

Akauliza, "Hii inakaa karasha?"

Shija akasema ndiyo.

"Iondoeni. Vumbi lile litaiua."

Shija akacheka, akakohoa, akaniambia, "Kaka, tuihamishe. Hii ndiyo inanilisha."

Kikohozi hicho alikuwa nacho tangu kiangazi. Mama alisema ni baridi ya asubuhi, anywe tangawizi. Nasi tukaona sawa, maana Shija hakuwa mchimbaji, hakuwahi hata kushika nyundo.

Laptop tukaihamishia kwangu, mke wangu akaifunika kanga. Shija akawa anakuja jioni kuchukua nyimbo mpya, halafu kibandani anawaingizia wateja kwa simu na waya wa OTG, ule wa kuchomeka flash kwenye simu.

Mashine ikapona. Yeye akazidi kukonda.

Tulipofika hospitali daktari akaangalia picha ya kifua, kisha akamuuliza, "Unakaa karasha?"

Wakuu, nilitoka nje nikalia.

Alisema mapafu yamejaa vumbi la mawe na hakuna dawa ya kulitoa. Tumemzika nyumbani Kagongwa, mvua za kwanza zilipoanza.

Ushauri wangu: used chukua yenye SSD, na kama mnaishi kwenye vumbi tafuteni isiyo na feni. Lakini fundi akikuta feni imejaa vumbi, mwangalieni na anayekaa mbele ya hiyo mashine. Mhamisheni yeye kwanza.

Wenye ndugu Segese na machimbo mengine, huko mnajikingaje? Andikeni, nitasoma yote.

Natumia laptop ile ile. Haijajizima tena.