Jina Walilokataa Kulisikia

Atumani wa viti hakuwa mtu wa majivuno, ila kwa jambo moja. Kila mteja aliyeketi barazani kwake mtaani Buyenzi, Burundi, akisubiri viti vya gari lake vivishwe ngozi mpya, alisimuliwa namna yeye na mkewe Sijaona walivyompata binti yao Assia, na namna walivyokataa kuambiwa alikotoka. Sijaona, mguu kwenye cherehani, alikuwa akitabasamu tu. Hadithi ilikuwa yao wote wawili, mume ndiye mwenye mdomo.

Na kusema kweli ilikuwa hadithi nzuri. Ilikuwa miaka mibaya ya vita, mitaa ya jirani inachambuana kama mchele, huyu wetu, huyu si wetu, na jina la baba au la kilima alikotoka lilitosha kumtoa mtu roho. Mungu hakuwa amewapa mtoto. Wakaenda kwenye nyumba moja ya yatima kule Kibenga, wakaonyeshwa kitoto cha kike kinacholia, ndiyo kwanza kinatambaa. Adélaïde, mlezi wa pale, akafungua mdomo: "Huyu mutoto, jina yake..."

Atumani akainua mkono. "Apana, mama. Usituambie. Sisi Buyenzi hatuulizane hayo. Na mutu yeyote wa uko alikotoka asije mulangoni kwetu."

Adélaïde akajaribu tena, mkono ukapanda tena. Wakarudi nyumbani, mtoto akanyolewa, mbuzi akachinjwa, akaitwa Assia. Hakuna jirani aliyeuliza kabila lake. Hiyo ndiyo Buyenzi, na Sijaona aliipenda kwa hilo.

Basi ikafika Ramadhani moja, vita bado vinanguruma milimani, Assia ameshaanza shule na meno ya mbele yameng'oka. Sijaona alikuwa akimpima gauni la Idi pale barazani, pini mdomoni, wakati basi dogo lilipoegeshwa na mama mmoja mnene akashuka kuulizia viti vilivyochanika. Nywele zilikuwa zimeingia mvi, lakini alikuwa Adélaïde yule yule. Sijaona alitaka kumsalimu. Adélaïde wala hakumwona. Alikuwa amemkazia macho mtoto, na mkoba ukamdondoka.

"Butoyi! We Butoyi! Si Jumamosi nilikupandisha ndege mi mwenyewe?"

Sijaona alitema pini. Hakuna mtu Burundi, awe wa msikitini au wa kanisani, asiyejua Butoyi ni nani. Butoyi ni pacha aliyezaliwa wa pili, na hakuna Butoyi pasipo Bukuru aliyemtangulia. Akakaa pale pale sakafuni juu ya vipande vya kitambaa.

"Walikuwa wawili?" akauliza.

Sasa ndipo Adélaïde alipomtambua Sijaona. Akajishika kichwa. "Mungu wangu! Huyu ni Bukuru. Nilitaka kuwaambia, mama. Mwenzake alikuwa chumba ya pili, na homa. Bwana yako alinifunga kinywa na mukono yake."

Mapacha hupewa sawa. Ukimpa mmoja kipande cha mkate, wa pili unampa. Sijaona alilijua hilo tangu utotoni, na Idi baada ya Idi alikuwa ameshona gauni moja. Aliona aibu, halafu hasira, halafu aibu tena.

"Mbona hamukumuleta?"

"Kwa mulango gani, mama? Kila akiuliza Bukuru yake, nilimwambia iko Buyenzi, siku moja watakuja kukuchukua. Akangoja, akangoja, mpaka akaacha kuuliza."

Atumani alikuwa ametoka ndani ya gari la mteja, gundi vidoleni. "Amepelekwa wapi?" akauliza.

"Bulaya, kwa wazungu. Mutaa gani sijui, na waliomuchukua walisema mutu asiwatafute. Niliwaambia ana mwenzake. Wakanikatiza. Wao mambo ya vita hawataki, mutoto aanze upya." Adélaïde alimtazama usoni. "Waliinua mukono, baba. Kama we tu."

Atumani alishika nguzo ya baraza. Sijaona alitamani kumpiga, na alitamani kujipiga mwenyewe, maana siku ile naye alikuwa amesimama pembeni akitabasamu.

"Mama," Assia akaita, gauni limemning'inia begani. "Butoyi ni nani?"

Mkono wa Atumani ukapanda wenyewe, kwa mazoea. Sijaona akainuka, akaushika, akaushusha, wala hakuuachia.

"Ni mudogo yako," akasema. "Mulizaliwa pamoja. Sisi tulikuwa hatujui." Akamtazama mumewe. "Apana. Tulikataa kujua."

Mtoto aliwatazama wote watatu, mmoja mmoja, kama anayesubiri wamalize mzaha wao. Hawakucheka.

"Basi twende tumulete," akasema.

Akavua lile gauni taratibu, pini zisimchome, akaliweka juu ya cherehani, akaingia ndani. Walimsikia akitafuta viatu vyake chini ya kitanda.