Chapa ya Korosho

Baba alifua visu vya wawindaji hapa Nachingwea maisha yake yote, nami nikafua pamoja naye. Chapa yetu ni kipande cha chuma chenye alama ya korosho iliyolala, ndogo kuliko ukucha, na kona yake moja imemeguka. Kisu kikipita majaribio, baba alikigonga chapa karibu na mpini. Kisipopita kilirudi motoni, na hakukuwa na mjadala.

Ala za visu hivyo alizishona mtani wangu wa Ruangwa. Ukoo wake na wetu ni watani tangu kwa mababu, na kwa kazi ya ngozi ana mkono, lazima niseme. Huilowesha ngozi ya ng'ombe, akakivisha kisu chenyewe, akaiacha ikauke humo humo, ndiyo maana ala yake haikubali kisu kingine. Nilimpenda yule mtu. Naona haya kulisema sasa, lakini nilimpenda.

Baba alipofariki, mtani huyo alikuja kufanya kazi ya utani kama inavyotakiwa. Alijilaza mlangoni, akalia kilio cha uongo, akamtukana marehemu kwamba amekufa akituachia visu vya kukatia uji. Kisha akaingia kibandani kwetu, akachukua chapa, akaifunga kamba na kuivaa shingoni.

"Hamuipati mpaka muikomboe kwa jogoo!"

Waombolezaji walicheka, nami nikacheka huku machozi yananitoka. Kitu alichochukua mtani msibani hakidaiwi kwa hasira. Siku ya arobaini nilimpa jogoo wake, akanirudishia chapa, tena ameipaka mafuta vizuri.

Msimu wa korosho ulipokwisha, alinijia mwindaji wa Mbekenyera, mteja wetu wa zamani. Hakunisalimu. Aliweka mbele yangu kisu kilichovunjika katikati, alichouziwa sokoni kama chetu. Alikuwa amempiga risasi pongo, akakimbia amchinje kabla hajakata roho, kisu kikakatika shingoni. Mnyama akafa hivyo hivyo, kibudu.

"Nyama yote nimewaachia fisi," alisema. "Baba yako asingenifanyia hivi."

Alama ya korosho ilikuwepo, pamoja na ile kona iliyomeguka. Lakini chuma kilikuwa nondo ya kujengea, na sisi hufua springi za magari tu. Nikaomba ala. Mshono niliujua hata kabla sijaishika. Wakati mimi nimekaa mkekani napokea rambirambi, mtani wangu alikuwa Ruangwa anagonga alama ya baba kwenye takataka.

Nilimfuata huko huko. Nilimkuta sokoni na nyuzi zake, nikamtupia kile kisu miguuni.

"We mtani, mbona umekuja na sura ya mgonjwa wa tumbo?" alisema kwa sauti, ili wote wasikie.

"Umemuuza baba yangu."

"Nnajua! Na nikipata bei nzuri namuuza na mama yako. Si mtani wangu wewe?"

Watu wakaangua kicheko. Nikasimama pale kama mjinga. Kwetu anayekasirikia utani ndiye mwenye kosa, na yeye alilijua hilo tangu siku ile alipoingia kibandani. Kuibiwa ningevumilia. Lakini kuibiwa, halafu nitakiwe nicheke! Sikucheka, na hilo nalo wakalicheka.

Niliporudi nyumbani niliisaga chapa kwa tupa mpaka alama ikapotea. Yule mwindaji nilimfulia kisu kingine, cha springi, kisicho na alama. Alikipokea, lakini alikigeuza geuza mara nyingi akiitafuta korosho.

Wanangu nimewaambia kwamba siku nikifa, mtu wa Ruangwa asipewe taarifa. Mke wangu alishtuka.

"Sasa nani atakuja kututania?"

"Hakuna," nilimwambia. "Mtanizika kimya kimya."