Hadi Kwenye Mstari, Heriberto

Heriberto Quiles alifunga mabomba ya hospitali miaka thelathini na moja, na hapa mjini Ponce ukisema koki yako inavuja, watu watakuelekeza kwake hata sasa amestaafu. Lakini mganga hajigangi. Dari iliyovuja mara mbili ilikuwa yangu, na maji yalikuwa yake. Mimi Nereida, fundi cherehani, nakaa chini; yeye anakaa juu yangu, peke yake na samaki wake.

Tangi lake limejaza nusu ya sebule. Maji ya chumvi, mawe yenye matumbawe, na samaki mmoja wa njano mwenye miaka kumi na minne, jina lake Kanali, kwa vile anawasukuma wenzake kama mwenye nyumba. Kabatini chini yake kuna tangi jingine dogo. Maji hushuka humo kwa bomba, yakachujwa, kisha pampu ikayarudisha juu. Umeme ukiwapo, mambo shwari. Ukikatika, na kwetu unakatika bila hata kubisha hodi, pampu inalala lakini maji ya juu yanaendelea kushuka kwa muda. Tangi dogo likishindwa kuyapokea, yanakuja kwangu kunisalimia.

Mara ya kwanza yaliharibu meza yangu ya kukatia. Nikaipangusa, yakaisha. Mara ya pili yalidondokea hariri ya mteja. Nikapanda ngazi na mkasi mkononi.

"Heriberto! Toka nje!"

"Jirani, weka mkasi kwanza tuongee."

"Naongea nao hivi hivi! Maji ya chumvi kwenye hariri, wewe mtu wewe!"

"Ni ile valvu ya kuzuia maji yasirudi. Nadhani imeingia mchanga."

"Valvu, valvu! Kila siku valvu! Sikiliza: mara ya tatu, hilo tangi linatoka humu ndani."

Akamtazama Kanali, akanitazama mimi. "Mara ya tatu nitaliondoa kwa mikono yangu," akasema. "Neno la fundi." Sauti yake ilitetemeka, nami nikaona haya, lakini nikashuka nimenuna vilevile.

Kesho yake akaniita niwe shahidi. Alikuwa ametoboa kitundu kwenye bomba la kurudishia maji, kidogo tu chini ya uso wa maji ya tangi la juu. Maji yakianza kurudi nyuma, kitundu kinavuta hewa, na bomba linaacha kunyonya. Kisha akachomoa pampu, nami nikapima kwa futi yangu ya kushonea maji yalivyopanda kwenye tangi la chini. Sentimita tisa.

"Basi acha nafasi ya sentimita kumi na mbili," nikamwambia. "Hata nguo huikati sawasawa na kiuno cha mtu. Unaacha nafasi ya mshono."

Akacheka. Akaomba rangi yangu nyekundu ya kucha, akachora mstari kwenye kioo cha tangi dogo: pampu ikifanya kazi, maji yasivuke hapo. Tangu siku hiyo kila Jumapili akawa anachomoa pampu makusudi na kuchungulia. Umeme ukakatika mara sijui ngapi, na dari yangu ikabaki kavu.

Mwezi wa tisa redio ikatangaza dhoruba. Katika jengo letu king'ora ni mimi. Nilisimama kwenye ngazi kama kawaida yangu nikapaza sauti: "Jazeni maji! Ndoo, sufuria, beseni! Kila chombo, mpaka mdomoni!" Maana kwetu umeme ukienda, maji ya bomba nayo yanaufuata. Nikarudi ndani nikajaza vyangu. Ilikuwa Alhamisi mchana. Gauni la Yarielis, binti wa mteja aliyekuwa anatimiza miaka kumi na mitano Jumamosi, sherehe kubwa ya wasichana kwetu, lilikuwa limening'inia juu ya meza ya kupigia pasi, jeupe, shanga mia tatu nimezishona moja moja.

Nikasikia mpira wa maji unatiririka juu, upande wa bafuni. Ukanyamaza. Kisha ukaanza tena, na safari hii sauti ilitoka juu kabisa ya meza yangu ya pasi. Upande wa kabati la tangi! Nikatoka mbio, kandambili moja ikabaki kwenye ngazi.

Nikamkuta amechuchumaa, mpira mkononi, anapiga mluzi. Maji yameuvuka mstari kwa vidole vinne.

"We mwanamume! Mstari!"

Akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Yesu wangu! Umejaza wenyewe."

"Chota! Lete ndoo!"

"Ndoo gani? Zote zimejaa!"

Kweli zilikuwa zimejaa, na maji hayo hayamwagwi dhoruba ikija. Ndoo, beseni, mabakuli, hadi kikombe cha mswaki. Jikoni kulikuwa na sufuria moja tu isiyo na maji, na ndani yake wali wa mbaazi unafuka moshi.

"Huo nimeupika sasa hivi," akasema kwa unyonge.

"Wali au Kanali?"

Akaumwaga wali mwenyewe juu ya kitambaa cha meza. Tukaanza: yeye anachota, mimi namwaga nje ya kibaraza bila kutazama. Sufuria ya sita taa ikapepesa. Ya nane, ikazima kabisa. Pampu ikanyamaza.

Tukapiga magoti pale kabatini, bega kwa bega. Maji yakaanza kushuka, tangi dogo likaanza kujaa. Likapanda, likapanda. Nilimwona midomo inamcheza. Kisha kule juu kitundu kikakohoa, kikavuta hewa, na maji yakatulia. Ilibaki upana wa kidole kimoja.

Tukacheka mpaka machozi. Akawasha kipuliza hewa cha betri kwa ajili ya Kanali, halafu akasimama ghafla.

"Nereida, ile mara ya kwanza. Si ilikuwa siku ya onyo la dhoruba?"

"Ndiyo."

"Na ya pili?"

"Na ya pili pia."

"Basi si valvu. Nilijaza. Mara zote mbili nilijaza!"

"Sasa nani alikutuma ujaze tangi la samaki mpaka mdomoni?"

Alinitazama tu, kwa adabu, mtoto wa watu alivyolelewa. Masikio yakaniwaka moto. Nikaukumbuka ule mkasi, nikatamani sakafu ipasuke.

"Lete vijiko," nikasema. Tukala wali juu ya kitambaa cha meza, mvua inapiga madirisha.

Umeme ulirudi Jumamosi asubuhi, mtaa mzima ukapiga kelele za shangwe. Yarielis alivaa gauni lake kavu. Kilichokufa ni mrehani wangu tu, uliokuwa chini ya kibaraza. Niliunywesha maji ya chumvi kwa mikono yangu.

Mwaka huu, onyo la kwanza lilipotangazwa, nilisimama tena kwenye ngazi. "Jazeni maji! Kila chombo, mpaka mdomoni! Heriberto, wewe hadi kwenye mstari!"

Kutoka juu akaitikia, "Hadi kwenye mstari, jirani!"