Majira ya Baridi Anko Wekesa Hakuja

Harufu ya makoti ya sufu yakikaukia juu ya bomba la joto, ikichanganyika na ya chai ya tangawizi, ndiyo iliyokuwa harufu ya Jumamosi nyumbani kwetu Takoma Park. Baba, Mmaragoli wa Vihiga, Kenya, alifundisha historia chuoni. Kila Jumamosi rafiki yake Anko Wekesa, Mbukusu wa Kimilili na msomi wa lugha, alikuja kutoka Herndon pamoja na mkewe, Anti Nafula. Wanaume hao walikuwa wakiandika kitabu cha ngano za Waluhya kwa ajili ya watoto kama mimi, tuliozaliwa huku Marekani. Mama alikuwa Mtanzania wa Korogwe, na kwa sababu yake nyumba yetu ilisema Kiswahili. Yeye na Anti Nafula walikaa jikoni, nami katikati ya magoti ya Anti, nikisukwa nywele na kusikiliza mazungumzo ya sebuleni.

Nilikuwa na miaka tisa walipogombana. Kiluhya si kimoja. Nyumba kwa Baba ni inyumba, kwa Anko Wekesa ni enju, na ilibidi kitabu kichague. Baba alitaka Kimaragoli, kwa kuwa ngano nyingi alizipata kwa mama yake mzazi. Anko alisema Kibukusu kingesomwa na watoto wengi zaidi.

"Mnataka kutumeza," Baba akasema.

"Sisi? Ninyi ndio mnaojiona mlisoma kabla ya wengine."

Mama akatoka jikoni, mwiko mkononi. "Baba Kageha, na wewe shemeji, mnagombania Kiluhya kwa Kiingereza. Mnajisikia lakini?"

Hakuna aliyecheka. Anko alivaa koti lake likiwa bado bichi, akamwita mkewe, wakaondoka.

Theluji ilianguka, ikaganda, ikaanguka tena. Jumamosi Baba aliketi mbele ya karatasi zake asiandike kitu. Mama alimsihi apige simu, akajibu kwamba yeye ndiye mkubwa, hawezi kuanza. Wanawake hawakuacha kupigiana, ila walizungumza kwa sauti ya chini, kama watu wanaouguza mgonjwa. Nywele zangu sasa alizisuka Mama, kwa haraka, na mistari haikunyooka.

Baridi ilipokuwa inaisha, Anti Nafula alifariki ghafla, moyo ulisimama akiwa kazini. Baba alipoambiwa alichukua funguo za gari, akaenda Herndon. Kwenye ibada ya kumuaga, kabla mwili haujasafirishwa Kenya, aliombwa azungumze kwa niaba ya marafiki. Ukumbi ulitarajia Kiingereza, au Kiswahili. Baba alisimama, akazungumza Kibukusu. Hakukijua vizuri. Alikwama, akarudia, mwanamke mmoja nyuma yangu akimnong'onezea maneno yaliyompotea. Nilimwona Anko Wekesa akiinua kichwa. Baba alipomaliza, Anko alisimama akamjibu kwa Kimaragoli, maneno machache tu, kisha akaketi na kulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mama ndiye aliyenieleza baadaye maana ya maneno hayo, naye aliambiwa na Baba: "Ndugu yangu, umefika."

Walipatana, lakini kitabu hakikuandikwa tena. Anko alistaafu akarudi Kimilili. Mama hatunaye tena. Baba ni mzee sasa, anaishi nami Manassas, na Jumapili wawili hao huongea kwenye simu, kila mmoja kwa lugha yake, bila kukwama. Mimi huelewa nusu. Watoto wangu hawaelewi kitu. Hata nikiwasemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza. Ninafanya kazi katika maktaba yenye vitabu vya watoto vya lugha nyingi kuliko ninazoweza kuzitaja, na hakuna kilichoandikwa kwa lugha ya baba yangu wala ya rafiki yake. Juzi mwanangu alisimama mlangoni akimtazama babu yake na simu, akaniuliza hiyo ni lugha gani. Nilimwambia akae kwanza asikilize, kwa sababu katika nyumba hii anayeijua amebaki mmoja.