Nilimfukuza Bi Time shambani kwa ajili ya ubepari

Wakuu, salaam aleikum. Kisa hiki ni kweli tupu, na mjinga wake ni mimi mwenyewe.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuo, nasoma economics. Nikarudi nyumbani Mtambile msimu wa karafuu, kichwa kimevimba kwa mifumo ya uchumi.

Mama alikuwa na mikarafuu kumi na miwili. Mwaka ule alishaapa karafuu ndiyo itakayoezeka bati, maana makuti yalikuwa yakivuja mpaka kitandani kwake.

Nikamwambia apumzike, shamba nitaliendesha mimi kisayansi. Hapo ndipo ilipofaa anichape ufagio.

Nikaanza na ujamaa. Tunachuma wote, jioni tunagawana sawa kwa sawa. Siku ya pili kaka yangu Hamad alichuma tawi moja, akalala chini ya mti mpaka alasiri. Kwenye mgao akawa wa kwanza kuleta pakacha!

Nikahamia ubepari, kila mtu alipwe kwa alichochuma. Hamad akaparamia miti kama kima. Hilo sikatai, ubepari unaamsha watu.

Ila nikapitiliza. Kwetu karafuu zinazodondoka chini zinaitwa mpeta, na majirani wasio na miti huja kuziokota. Nikasema hapana, hii private property. Nikamfukuza Bi Time, jirani yetu, mkunga aliyenipokea siku nazaliwa.

"Haya mwanangu, mali yako," akasema, akajifunga kanga akaenda zake.

Mama alinuna siku nzima.

Siku mbili baadaye karafuu zote tumezianika kwenye majamvi uani, Hamad kaenda mjini Chake, nyumbani niko na mama tu. Wingu hilo! Karafuu ikinyeshewa ndiyo basi tena.

Miaka ile ya vyama vingi, kwetu watu walifika hadi kutozikana kwa sababu ya bendera. Lakini karafuu ya mtu ikitaka kunyeshewa, mtaa mzima ulikimbia.

Siku ile majirani wamekaa barazani wananitazama.

Mama anaburura jamvi huku analia, "Bati langu mie! Bati langu!" Wallahi niliona haya.

Aliyeinuka wa kwanza ni Bi Time. "Njooni nyie! Karafuu ya mamaake hii, si yake huyo!"

Wakaja wote. Mvua inaanza, karafuu ziko ndani.

Nikaanza kumwomba radhi Bi Time. Yeye anatazama chini, karafuu chache zimemwagika mlangoni.

"Na hizi je, mwenye mali? Niokote, au weye wanifukuza tena?"

Watu wakaangua kicheko. Nikapiga magoti kwenye tope nikamwokotea mwenyewe, moja moja.

Nilichojifunza: ujamaa ulimlaza Hamad, ubepari ukamwamsha, lakini bati la mama limeezekwa na watu niliowanyima mpeta. Mfumo huo sijaukuta kwenye notisi za chuo.

Wachumi wa humu, nyie mnauitaje? Shusheni nondo, na matusi pia nayapokea.

Maana mpaka leo nikienda likizo, Bi Time, na uzee wake wote, ndiye anayeniwahi kuniamkia:

"Shikamoo, mwenye mali."