Gari la Mkwe Linachemsha

Mwanangu wa mwisho aliipanga safari ile mezani kwangu, Same mjini, simu mkono mmoja na kikombe cha chai mkono wa pili. Tungetoka alfajiri, tuvuke Namanga, tulale Nairobi. Kesho yake Busia. Kesho kutwa Kampala, halafu Mbarara kwa dada yake, tukae huko tushibe maneno, kisha turudi kwa kuzunguka Kigali na Rusumo, tuje tutokee Kahama na Singida hadi nyumbani. Wiki tatu barabarani. Dereva angekuwa mkwe wangu, mume wa binti yangu, Mganda wa Masaka, ambaye angekuja na gari lake mpaka mlangoni kwangu kunichukua. Mwanangu alinisomea yote hayo kwa sauti ya mtu anayesubiri kushukuriwa. Nikamwambia mimi nitapanda basi.

Niseme mapema, ili msinihukumu kama alivyonihukumu yeye: mkojo haunisubiri. Ulianza tangu nilipomzaa huyo huyo aliyekuwa ananipangia safari. Nikikohoa, nikicheka, nikikaa garini muda mrefu barabara ikawa mbaya, basi. Sikuwahi kumwambia mtu. Marehemu mume wangu nadhani alijua akanyamaza, Mungu amrehemu. Kanisani nakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na mwinjilisti aliwahi kunisifu mbele ya usharika mzima kwa unyenyekevu wangu. Nikainamisha kichwa nikapokea sifa. Unyenyekevu gani, jamani! Nilikuwa nimekaa karibu na choo.

Basini kuna kuchimba dawa. Kondakta anapaza sauti, basi linasimama porini, wanawake upande huu, wanaume upande ule, kila mtu na kichaka chake, na hakuna anayekujua wala utakayeonana naye tena. Lakini gari dogo la mkwe! Kwetu mkwe hazoeleki. Humtanii, huli naye sahani moja, hupiti mbele yake na khanga imekaa vibaya. Na kwao ndiyo balaa zaidi. Binti yangu aliwahi kuniambia kuwa kule mwanaume na mama mkwe wake hata mkono hawashikani. Sasa mtu kama huyo nimwambie nini? Baba, simamisha gari, mkweo kabanwa? Afadhali nife.

Kwa hiyo nikaanza visingizio. Nilisema tulale Arusha, kuna mwalimu mwenzangu mstaafu nataka kumsalimia. Nilisema Nakuru tupumzike, nasikia kuna baridi nzuri. Nilisema njia ya Nairobi siipendi, tupite Singida kwenda na kurudi. Kila mwanangu aliponionyesha kwenye simu umbali wa siku, mimi niliukata vipande viwili, vipande vitatu, nikamwambia kawia ufike. Aliniuliza kama nimepanga kumsalimia kila mtu wa Afrika Mashariki. Alisema mkwe ana likizo ya wiki tatu tu, na kama tutatambaa hivyo tutafika Mbarara siku ya kugeuza. Mimi nikashikilia basi. Alinyanyuka akaacha chai yake haijaisha.

Jambo lenyewe lilikuwa zito kuliko basi na gari. Mjukuu wangu nilikuwa simjui ila kwenye simu. Alizaliwa, akakaa, akatambaa, akasimama, yote nikiyaona kwenye kioo kilichopasuka pembeni. Binti yangu hakumleta. Leo kazi, kesho mvua, mwezi ujao mtoto ana mafua. Nikaweka donge moyoni. Yeye naye alikuwa na lake, maana siku ya kupokea posa nilisema mbele ya ukoo kwamba mbali ni mbali tu, na kwamba mimi huko siendi hata kwa kubebwa. Nilisema kwa hasira za mama. Hakuwahi kulirudia neno lile, lakini hakulisahau. Sasa kaka yake akampelekea habari kuwa mama amekataa gari la mume wako.

Alinipigia jioni. Hakuzunguka, aliniuliza kama bado simtaki mumewe. Nikasema ni mgongo. Akasema haya, mama. Ile haya ilikuwa ya baridi, na nilipoweka simu chini nilijua kabisa kwamba safari hii ikivunjika, binti nimempoteza na mjukuu sitamshika. Nikampigia kaka yake, nikamwambia nimekubali, mkwe aje na gari.

Akaja. Mtu mrefu, mpole, Kiswahili chake cha kuokoteza. Alichutama mlangoni akanisalimu macho chini, nami nikaitikia nikiwa nimemtazama begani. Kabla ya safari kubwa ilibidi kwanza apande milimani, kijiji cha Mamba, kuwasalimu ndugu wa marehemu mume wangu, kwa sababu huwezi kuchukua mke wa watu ukampeleka ng'ambo bila kuuona uso wa wenyewe. Asubuhi tukaingia garini. Mwanangu mbele, mimi nyuma. Mkwe, kabla hajawasha, alinyoosha mkono akakigeuza kioo cha ndani kikaangalia dari, asije akaniona uso. Heshima ya namna hiyo sijawahi kuiona, na ndiyo iliyonimaliza. Tangu jana yake mchana nilikuwa sijatia maji mdomoni, midomo imepasuka. Nilidhani nimejipanga.

Loo. Mwili haupangwi. Hatujafika kijiji cha Kisiwani nikaanza kubana. Lami inaisha, vumbi linaanza, lami tena, vumbi tena, na kila gari liliposhuka kutoka kwenye lami nilisali. Maore pana maduka, pana watu, pana mahali pengi pa kusimama. Mwanangu alisema tusisimame, mkwe anataka kufika juu kabla ya ukungu. Nilifungua mdomo. Nikakiona kisogo cha mkwe wangu, kimekatwa nywele upya kwa ajili ya ukoo wangu. Nikaufunga. Tukaanza kupanda mlima, kona juu ya kona, na mbele kidogo, mashamba ya tangawizi yalipoanza kuonekana, gari likaingia kwenye shimo. Hapo hapo nikajikojolea. Si kidogo. Nilikaa ndani yake, nikitazama dirishani kama mtu anayefurahia mandhari.

Uani kwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, walikuwa wametusubiri tangu asubuhi. Makande yapo jikoni, chai ya tangawizi ipo, wanawake wakapiga vigelegele gari lilipoingia. Mkwe alishuka akasimama pembeni kunipisha, kwa sababu mama ndiye anayetangulia. Sikushuka. Walingoja. Nikasema mgongo. Mke wa shemeji akaja kunishika mkono, nikamkaripia aniache. Vigelegele vikaisha. Mkwe wangu alisimama amefumbata mikono mbele ya ukoo mzima, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayekataliwa hadharani. Nilimuona vizuri. Nilitaka kulia na nikaona aibu hata kulia.

Mwanangu alikuja dirishani, akasema huku amebana meno, "Mama, unatuaibisha."

Mkwe alisogea hadi kwenye ua, akatoa simu, akaongea kwa lugha yao sauti ya chini. Haikupita muda simu yangu ikalia mapajani. Nikapandisha kioo ndipo nikapokea. Hata shikamoo binti yangu hakunipa.

"Mama, kama humtaki, sema leo yaishe. Usimdhalilishe mbele za watu."

"Mwanangu," nikasema, "nimejikojolea."

Nikaitoa sikioni nikaitazama. Nikafikiri simu imekatika, maana kule juu mtandao ni wa kubahatisha.

"Kwenye kiti cha mume wako. Ndiyo maana nilitaka basi. Siwezi kushuka."

Nilisubiri acheke, au agune. Niliposikia kitu, ilikuwa kilio.

"Mama, na wewe?" akasema. "Unadhani mimi kwa nini siji nyumbani?"

Akanisimulia hapo hapo, mimi nimelowa, ukoo mzima umenikodolea macho kupitia kioo. Tangu ajifungue hajawahi kuwa sawa. Uchungu ulikuwa mrefu, mtoto mkubwa. Siku moja alikata tiketi kweli aje Same, akapanda basi na mtoto mgongoni, akafika Masaka, akashuka, akarudi kwake amejifunga kitenge cha pili juu ya cha kwanza. Kazi, mvua, mafua, yote yalikuwa uongo. Mumewe anajua, hakuna mwingine. Kisha akasema neno lililonichoma kuliko yote: "Nilidhani ni mimi peke yangu. Nikasema mama yangu kazaa watano na kurudi shambani, ataniona mimi mwanamke gani?"

Alipokuwa mjamzito nilimfundisha kila kitu kwa simu. Uji wake, maji yake ya kuoga, namna ya kumlaza mtoto, namna ya kujifunga tumbo. Ulimi wangu haukuchoka. Hili moja nililolijua kuliko mengine nililimeza, nikalikalia benchi la mwisho kanisani, na yeye akabaki Mbarara anaoga machozi akijiona kilema. Mficha uchi hazai, husema watu. Mimi nilizaa, na bado nikaficha. Aibu ya kiti kilicholowa ilikuwa ndogo mbele ya hiyo.

Alikata simu bila kuniaga, na papo hapo simu ya mkwe ikalia. Alisikiliza. Hakutazama upande wangu hata mara moja. Alipomaliza, alimwendea shemeji akamwambia, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kwamba kwao tangawizi anaiona sokoni tu, angependa kuiona ikiwa ardhini, sasa hivi, kabla ukungu haujashuka, na twende wote tafadhali. Akawachukua wanaume wote, na mwanangu akiwa amenuna nyuma yao. Wanawake walikuwa wamesharudi jikoni kunisema. Nikamwita mke wa shemeji, nikamwomba msamaha kwanza, ndipo nikamwomba khanga na maji. Alielewa kabla sijamaliza sentensi. Alinisitiri na khanga yake mwenyewe hadi chumbani, na hakuniuliza kitu.

Baadaye, watu wakiwa wanakula, mkwe aliomba radhi akatoka. Niliinuka nikachungulia dirishani. Alikuwa ameinama ndani ya gari, mikono ya shati ameikunja, anasugua kiti kwa sabuni na brashi. Milango yote ameiacha wazi upepo upite. Mkwe wangu, aliyegeuza kioo asinione uso, alikuwa anafua mkojo wangu. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilirudi mezani nikala makande bila kuyaonja.

Usiku ule Same tulipokaa tena kuipanga safari, mkwe alizungumza na mwanangu, si na mimi, ingawa nilikuwa pale pale. Alisema ana habari mbaya. Gari linachemsha. Haliwezi kwenda zaidi ya saa moja bila kupumzishwa. Mwanangu alishangaa, gari jipya lile, akasema lipelekwe kwa fundi kesho asubuhi. Mkwe akasema mafundi wa kwao wameshashindwa nalo, ndivyo lilivyo, tutakwenda nalo hivyo hivyo. Basi mpango wote ukafumuliwa. Usiku wa kwanza Arusha, wa pili Nairobi, halafu Nakuru, halafu Busia, na hapo katikati kila kituo cha mafuta chenye choo kinachofungika. Mwanangu alipanga huku anasonya. Kigali tukaifuta kabisa. Mimi nilikaa na kikombe cha chai, na kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili nikakinywa chote.

Ndivyo tulivyokwenda. Gari likasimama, mkwe akashuka, akafungua boneti, akainamia injini amenipa mgongo, akaikazia macho mpaka niliporudi na kufunga mlango. Naye akafunga boneti. Hatukusemeshana neno juu ya hilo, nchi tatu nzima. Nakuru fundi mmoja wa barabarani alijipendekeza kusaidia, akapekua kila mahali, akamcheka mkwe mbele yetu kuwa ni mwoga wa magari. Mkwe akakubali, akacheka naye. Mimi nilikuwa nyuma nimejifunika mtandio. Ningeweza kusema neno, hata moja. Nililiacha gari libebe aibu yangu, na hilo nalo nikalionea aibu. Mwanangu hadi leo anawaonya watu wasinunue gari la aina ile. Akisoma haya atajua, na kama ana la kuniambia, aje aniambie.

Tulifika Mbarara jua limeelekea kuzama. Mwanangu alishuka wa kwanza, akaanza kumlalamikia dada yake habari za gari kabla hata hajafungua buti. Binti yangu hakumsikiliza. Alikuwa mlangoni na mtoto kiunoni, amenenepa kidogo, macho mekundu. Mtoto akanitazama kama anavyonitazama kwenye simu. Nilinyoosha mikono nimpokee, lakini binti yangu alimkabidhi kwa mumewe, akanishika mkono, akaniongoza upande wa nyumba.

"Choo kiko huku, mama," akasema.

Alinisubiri nje ya mlango. Shikamoo alinipa nilipotoka.