Gari Refu kwenye Barabara ya Mumosho

Wewe unayesoma, kama umezoea kuyacheka mambo usiyoyaona, cheka sasa umalize, kisha unisikilize. Sikuwa nimelewa siku ile. Sikuwa na homa. Ilikuwa asubuhi, watu wazima wako kazini na watoto wako shuleni, na gari lenyewe bado lipo. Ninalilaza nje ya kanisa letu hapa Cimpunda, mtaa wa Bukavu, kwa sababu uchochoro wa kwangu hauingii hata mkokoteni. Njoo uliguse ukitaka.

Kazi yangu ni kubeba vitu vya sherehe: sufuria kubwa, viti vya plastiki, spika za wanamuziki, hata keki ya harusi kama bibi harusi ana imani ya kutosha. Gari langu la kwanza lilinifia kwenye mlima wetu huu likiwa na sufuria za watu ndani. Fundi aliliinamia, akainuka, akanipa mkono wa pole kama tuko msibani. Basi ikabidi nitafute lingine. Lakini kilichoninyima usingizi hazikuwa sufuria. Alikuwa mama yangu.

Mama anakaa Mumosho, kwenye kilima kinachotazama mto Ruzizi. Mvua zilipoanza aliteleza akitoka shambani, akavunjika nyonga. Hakuweza tena kuketi. Ukijaribu kumketisha analia, na mama yangu si mtu wa kulia. Alimzika baba yangu akiwa amekaza uso. Daktari wa mjini alituambia waziwazi: aletwe hospitali akiwa amelala chali, amenyooka, arudishwe vivyo hivyo, na safari hiyo irudiwe tena na tena mpaka mfupa ushike. La sivyo hatasimama tena. Sasa niambie, utampandishaje mtu kama huyo kwenye pikipiki? Utamkunja vipi mama yako aenee kwenye kiti cha basi? Nilihitaji gari ambalo mtu mzima anaweza kujinyoosha nyuma na mlango ukafungwa.

Mtu wa kati aliyenitafutia magari aliitwa Papa Bahati. Alivaa viatu vyeupe katika mji huu wa matope, na hiyo peke yake ilitosha kunieleza yeye ni nani. Alinionyesha magari mawili, yamesimama bega kwa bega. La kwanza lilikuwa jeusi, limeinuka juu, viti vya ngozi, kioo kinachowaka mbele kama televisheni. Buti lake lilikuwa fupi. La pili lilikuwa rangi ya majivu, limelala chini, refu, na nyuma yake ni sakafu tupu kama chumba kisicho na kitanda.

“Papa, iyi ya mweusi ndiyo motokari ya mukubwa,” Bahati aliniambia akilipapasa. “Ile ingine, siku utainunua, batu batakuita ubebe maiti zao zote.”

Hakusema uongo. Hapa Bukavu ukiwa na gari refu la namna ile, kila msiba wa mtaa ni wako. Wanakugongea mlango kabla hata ya kumwita padri. Na mimi, kwa nini nikufiche, nililipenda lile jeusi. Nilijiona nimekaa ndani yake, kiwiko dirishani, nikishuka kuelekea mjini, mashemeji wakiniangalia. Nikaanza kujidanganya kwamba mama anaweza kulala pembeni-pembeni, magoti yameinuliwa kidogo. Nyonga iliyovunjika, magoti yameinuliwa! Mapenzi ya kitu yanampa mtu akili ya ajabu.

Nikamwambia Bahati tujaribu kwanza lile refu, twende nalo upande wa Mumosho, ili dhamiri yangu inyamaze. Tukirudi tutazungumza habari za lile jeusi. Akapanda akiguna.

Tulipoiacha lami, mvua ilikuwa imekwisha na ukungu umeshuka. Unaujua ukungu wa huko? Unatoka mtoni, unapanda vilima, unaingia hadi mdomoni. Niliwasha taa nikaenda taratibu. Bahati alikuwa akinieleza uzuri wa lile gari jeusi. Mara nikasikia wimbo. Ni sauti za wanaume, mmoja anaanza na wengine wanapokea, wimbo mfupi unaofuata hatua za miguu. Ukungu ukafunguka kidogo, nikawaona.

Walikuwa wanaume wanne wamebeba kipoyi. Kwa asiyejua, kipoyi ni machela yetu ya mianzi na kamba, ambayo watu wa vilima hubebea mgonjwa mabegani mpaka afike kwenye dawa. Na kipoyi kina sheria yake, ambayo baba yangu alinifundisha kabla sijajua kuandika jina langu. Ukikutana nacho njiani, hukipiti. Kama umebeba mzigo, unautua. Unatoa bega, unawapokea waliochoka, unabeba hadi kona inayofuata. Na huulizi ni nani aliyelala, wala hufunui blanketi kumtazama. Mgonjwa si sinema.

“Piga honi,” Bahati akasema. “Batatoka mu njia.”

Nilisimamisha gari nikashuka. Bahati hakushuka, kwa ajili ya viatu.

Wanaume wale walikuwa wamelowa mpaka mfupani, miguu mitupu, kaptula za kaki zilizochakaa ambazo siku hizi sizioni tena. Aliyekuwa mbele alikuwa mzee kidogo kuliko wenzake, na sikio lake la kushoto lilikuwa limekatika nusu. Nikaingiza bega langu chini ya mwanzi pasipo neno. Niamini, ule mzigo ulikuwa mzito. Watu husema ya ajabu hayana uzito, kwamba mkono unapita ndani yake. Huo ni uongo. Mwanzi ulinikata bega, na juu yangu, chini ya blanketi, mwanamke alikuwa akiugua. Nikajua mara moja ni uchungu wa kuzaa. Mke wangu amezaa, ninaijua sauti ile.

Mwenye sikio lililokatika aliligeukia gari. Aliligusa kwa ncha za vidole, kama mtu anayegusa ng'ombe asiye wake.

“Inafunguka nyuma?” akaniuliza.

“Inafunguka.”

“Basi utusaidie, tonton. Tangu usiku tuko mu njia. Mutoto anakataa kutoka, na mama anaisha nguvu.”

Nikafungua buti. Tukaingiza kipoyi chote, mianzi na kila kitu, kikaingia na mlango ukafungwa. Nilifikiria lile gari jeusi na buti lake fupi. Mwanamke huyu angebaki barabarani!

“Peleka ku dispansari ya masista,” mzee akasema. “Sisi tunafuata na miguu.”

Nikaendesha. Dispansari ipi? Sikujiuliza. Mikono yangu ilijua njia, nami nikaiacha ijue. Nyuma yangu yule mwanamke alilia, akanyamaza, akalia tena, na kila aliponyamaza niliogopa zaidi. Nikawa nampazia sauti bila kugeuka: “Maman, vumilia! Tunafika. Usilale, Maman, tunafika!” Katika kioo niliona mkono mmoja tu umetoka kwenye blanketi, mkono wa msichana, umeshika kitambaa cha dari na kukichimba kwa kucha. Bahati alikuwa ameacha kabisa kusifu magari. Alikuwa anasali rozari kwenye vidole vyake.

Ukungu ukatufunulia nyumba. Ukuta mweupe, mlango wa buluu, taa ya mafuta imetundikwa barazani mchana kweupe. Sista mmoja akatoka akikunja mikono ya kanzu yake. Na pale mlangoni, sikiliza vizuri, pale mlangoni walikuwa wamesimama wanaume wale wanne niliowaacha nyuma kwa miguu. Hawakuhema. Walikuwa wananingoja.

Walikitoa kipoyi wakaingia nacho. Mwenye sikio lililokatika alibaki nyuma. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniangalia usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta ndani yake sura anayoijua.

“Aksanti, mutoto wetu,” akasema. Kisha akaingia.

Nilirudi kukaa ndani ya gari. Kutoka ndani ya nyumba nikasikia kilio cha mtoto mchanga, kikali, chenye hasira. Naapa, sijawahi kusikia kitu kilichonifurahisha namna ile, na sikujua kwa nini machozi yalikuwa yananitoka.

Halafu upepo ukaja kutoka mtoni ukauondoa ukungu. Hapakuwa na nyumba. Lilikuwepo shamba la mihogo, na katikati yake mawe ya msingi wa zamani yaliyoota majani. Mwanamke mmoja aliyekuwa analima aliinua kichwa kututazama, wajinga wawili tuliosimamisha gari ndani ya mihogo yake. Nilimuuliza kama hapa paliwahi kuwa na dispansari. Akasema alisikia hivyo kwa bibi yake. Nilifungua buti. Sakafu ilikuwa imelowa maji, na kwenye kitambaa cha dari palikuwa na mikwaruzo ya kucha, mibichi, nyuzi zinaning'inia.

Siku hiyo hiyo nililichukua lile gari. Bahati hakubishana, alitaka tu niondoke nalo. Hadi leo tukikutana mjini anafanya ishara ya msalaba na kuvuka upande wa pili wa barabara.

Hadithi ingeishia hapo, ningesema nilikutana na wafu wa barabarani kama wengi walivyokutana nao. Lakini nilikwenda kumchukua mama. Sikuwa nimemwambia mtu neno, hata mke wangu, na Bahati hamjui mama yangu. Vijana wa kilima walimbeba hadi kwenye gari, tukamlaza juu ya godoro, akanyooka vizuri, mlango ukafungwa. Nikaanza kushuka polepole. Kwenye shimo la kwanza alipiga kelele, nami nikapaza sauti kama mtu yeyote angefanya:

“Mama, vumilia! Tunafika.”

Akanyamaza.

“Simamisha motokari,” akasema.

Nikasimama, nikaenda nyuma, nikafungua. Alikuwa ameinua mkono wake ule wa uzee, wenye vidole vilivyopinda, na ameuweka kwenye dari. Kila kidole kilikuwa ndani ya mkwaruzo wake. Niliita jina la Mungu.

“Nilipandaka iyi motokari,” mama akaniambia. Hakuwa na woga hata kidogo. “Siku nilikuzala, mutoto wangu. Ulikuwa unakataa kutoka mu tumbo, banaume bane banibeba mu kipoyi usiku muzima. Mu njia kukatokea mutu na motokari mrefu. Uso wake sikuuona, nilikuwa chini ya blanketi. Nilisikia tu sauti yake kule mbele: vumilia, tunafika.” Akanitazama. “Miaka yote ninasikia sauti yako mu nyumba, sikuijua. Ilibidi nilale tena huku nyuma.”

“Yule wa mbele,” nikamuuliza, “alikuwa na sikio…”

“Nusu. Ule alikuwa kaka wa bibi yako. Alikufa ukiwa unatambaa.” Akashusha mkono, akanishika shavu. “Baba yako alitafuta ule mutu wa motokari mu vilima vyote, ampatie mbuzi. Hakuna mwenye alimujua. Sista alisema, kama tungechelewa kidogo, angetuzika wote wawili.”

Sikuweza kuendesha tena kwa muda. Nilikaa kwenye ukingo wa buti, miguu inaning'inia, kichwa changu kwenye mkono wa mama, mtu mzima mwenye mvi. Niliogopa, ndiyo. Lakini zaidi ya woga kulikuwa na kitu ambacho sina jina lake, kama siku ya kwanza mtoto anapoonyeshwa ziwa na kuambiwa kwamba yote yale ni maji.

Mfupa wa mama ulishika. Sasa anatembea kwa fimbo na ananigombeza kwa sauti kubwa. Mikwaruzo ile nilijaribu kuishonesha. Mshonaji mwenyewe aliniambia uzi haukai, asubuhi anaukuta umetoka. Nimeacha. Kwenye bega langu la kulia pana alama ya mwanzi, nyeusi, na zikianza mvua inauma. Na kweli, misiba yote ya Cimpunda ni yangu. Wananigongea kabla ya padri, kama Bahati alivyosema, nami ninakwenda.

Kwa hiyo wewe unayetafuta gari, usianze na kioo kinachowaka. Fungua nyuma, vua viatu, ulale humo mwenyewe mbele ya watu, wacheke wakitaka, na uone kama mlango unafungwa. Na siku ukikutana na kipoyi kwenye ukungu, nakuomba, usipige honi. Simama. Toa bega lako, usiulize ni nani. Aliyelala chini ya blanketi anaweza kuwa mama yako, na wewe uko ndani ya tumbo lake, unangoja kuona kama utasimama.